Sakafu Ikinepa, Yatafute Maji

Dalili za kwanza huwa ndogo. Kabati la vyombo linaanza kuegemea mbele. Vikombe vinagongana kila mtoto akipita mbio. Mlango uliokuwa ukifungika kwa kidole sasa unakwaruza chini. Halafu siku moja mtu anakanyaga pahali karibu na ukuta na kuhisi pananepa.

Katika nyumba nyingi za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu na za Mombasa, jibu huwa limeshaandaliwa: nyumba imezeeka. Anaitwa fundi, anamwaga saruji palipobonyea, anasawazisha, anabandika marumaru mpya juu yake, analipwa, na watu wanarudi kulala. Nalipinga jibu hilo, na tiba hiyo naipinga zaidi. Uzee peke yake hauiangushi dari ya boriti. Kinachoiangusha ni maji, na mara nyingi maji hayo yameingia mbali na pale mguu unapozama. Saruji inayoongezwa juu haiyagusi. Inaongeza mzigo tu kwenye mti ambao tayari umeoza.

Ili kuuelewa ugonjwa huu lazima tujue dari hizi zimejengwa vipi. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, nene kiasi cha nusu mita au kuzidi. Kutoka ukuta hadi ukuta zimelazwa boriti, miti ya mikoko iliyokatwa pwani, kwenye delta ya Rufiji au visiwa vya Lamu, ikauzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti yenyewe ni mti wa unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi. Urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba vyetu, na ndiyo sababu chumba cha nyumba ya kale kinaweza kuwa kirefu utakavyo lakini upana wake ukabaki mita mbili na nusu mpaka tatu. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa, likapigwa kwa vipande vya mti na kundi la watu waliokuwa wakiimba ili mapigo yaende sawa. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi, maana chokaa ilitakiwa kushindiliwa mpaka ikaze bila kubakiza nafasi za hewa.

Sakafu ya namna hiyo ni nzito sana, na waliojenga walilijua hilo. Waliitegemea miti ya mikoko kwa sababu ni mizito, migumu na ina gome na utomvu mkali ambao wadudu wengi hawaupendi. Waliitegemea chokaa kwa sababu inapitisha unyevu: ukuta ukilowa wakati wa masika, unakauka wakati wa kaskazi. Hapa ndipo siri ya nyumba hizi ilipo. Kuvu wanaoozesha mti hawawezi kuishi ndani ya mti ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hivi. Boriti iliyo kavu inaweza kubeba vizazi kadhaa. Boriti iliyofungiwa ndani ya ukuta uliolowa haihitaji vizazi. Miaka michache inatosha.

Na zipo sehemu mbili za boriti zilizofichika machoni: ncha zake, zilizozama ukutani. Katikati ya chumba boriti inapigwa na hewa, unaiona, unaipaka rangi, unaning'iniza taa. Ncha hazioni hewa. Maji yakiteremka ndani ya ukuta hukutana na ncha kwanza, na ukataji wa mti uko wazi pale, vinyweleo vyake vinafyonza. Ndiyo maana sakafu nyingi zinazonepa huanzia kunepa pembeni, karibu na ukuta, si katikati. Fundi anayetazama katikati peke yake atasema miti ni mizima, na atakuwa amesema kweli kuhusu nusu ya mti.

Uchunguzi basi unaanzia chini. Ukitaka kujua kwa nini sakafu ya ghorofa ya kwanza inabonyea, ingia chumba kilicho chini yake na uinue macho. Funga uzi kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, uguse boriti kwenye ncha zake mbili, uvute mpaka ukaze, kisha pima ni kiasi gani tumbo la boriti limeteremka chini ya uzi. Fanya hivyo kwa boriti zote za chumba, moja moja, na uandike. Zikiwa zote zimepinda kwa kiasi kinachokaribiana, katikati ndiko kulikoshuka zaidi, na chokaa ya zamani haina ufa mpya, huenda huo ni mpindo wa kale: mti uliobeba mzigo mmoja miaka mia hupinda polepole na kubaki hivyo. Wa namna hiyo hauna haraka. Lakini boriti moja au mbili zikiwa zimeshuka kuliko jirani zake, na zimeshuka upande wa ukuta, hapo pana jambo.

Sasa sogea karibu na huo ukuta. Tazama lipu. Kuna mstari wa rangi ya kahawia unaoteremka? Kuna chumvi nyeupe iliyochipuka, inayopukutika ukiigusa? Lipu imevimba na kutoa sauti ya utupu ukiigonga kwa kifundo cha kidole? Kisha chukua nyundo ndogo uigonge boriti kuanzia katikati ukielekea ukutani. Mti mzima unalia kwa sauti kali na fupi. Ukikaribia palipooza, sauti inafifia, inakuwa nzito na butu, na mkono wenyewe unahisi tofauti kabla ya sikio. Pale pale, chukua bisibisi nyembamba na uisukume kwenye mti, sentimita chache kutoka ukutani. Mkoko mzima unaikataa. Utaacha alama tu. Mkoko uliooza unaimeza bisibisi mpaka kwenye mpini, na ukiichomoa inatoka na unga wa kahawia uliolowa. Jaribio hili halina gharama yoyote, na linasema kweli kuliko marumaru zote zilizokwisha kubandikwa juu.

Wadudu nao wana alama zao, na ni vizuri kuzitofautisha. Mchwa wa ardhini hupanda kwa njia za udongo, mirija myembamba inayoshikamana na ukuta, na huhitaji unyevu. Ukiwaona ghorofani jua kuna maji yaliyowaita. Wako mchwa wengine wanaoishi ndani ya mti mkavu wenyewe, hawajengi njia za udongo, na dalili yao ni chembe ndogo ngumu zilizorundikana sakafuni chini ya tundu. Na wako wadudu wanaobungua mti na kuacha vitundu vya mviringo na unga mwepesi. Pakiwa na unga mpya kila ukifagia, bado wamo. Vitundu vya zamani vilivyopakwa rangi mara tatu ni historia.

Kuiona boriti iliyooza bado si kupata chanzo. Wengi wetu huishia hapo, tunabadili boriti mbili na kusema tumemaliza, na baada ya miaka michache mpya nazo zinalainika. Swali lililobaki ndilo kubwa: maji yanatoka wapi?

Hapa kalenda ni msaada kuliko nyundo. Doa linalolowa wakati wa masika na vuli tu, likakauka Januari, linaelekeza kwenye paa, mlizamu au ufa wa ukuta wa nje. Doa linalolowa mwaka mzima, hata kaskazi ikivuma na jua likiwa kali, linaelekeza kwenye bomba, tangi au choo. Doa linalokuja saa chache baada ya watu kuoga ni la bafu. Na siku hizi kuna doa jipya ambalo wazee hawakulijua: mpira wa kiyoyozi unaomwaga maji yake tone kwa tone kwenye ukuta wa chokaa, usiku kucha, miezi yote ya joto. Matone hayo yanaonekana ya kipuuzi. Yakidondokea mahali pamoja kwa miaka, yanatosha kuozesha ncha za boriti zote za upande ule.

Bafu linajaribiwa hivi. Ziba tundu la kutolea maji, jaza maji sakafuni kiasi cha kufunika kidole, tia rangi ya chakula, nyekundu au buluu, uache saa kadhaa mtu akiwa chini anatazama dari. Rangi ikitokea chini, hakuna tena wa kubishana. Bomba linajaribiwa kwa kufunga mifereji yote usiku na kusoma mita kabla ya kulala na alfajiri. Penye mita iliyosogea pana maji yanayokwenda mahali. Paa linajaribiwa na mvua yenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 100 kwenye paa la mita 60 za mraba ni lita 6,000. Mlizamu mmoja ulioziba majani unatuma sehemu kubwa ya hizo lita ukutani.

Turudi kwenye mabafu, maana huko ndiko ninakoona uharibifu mkubwa zaidi wa miaka hii. Katika nyumba za kale za Lamu, maji yalipewa mahali pake. Choo na birika viliwekwa upande mmoja wa nyumba, cha juu kikikaa usawa wa cha chini, na birika lilipakwa chokaa laini iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Ndani yake walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure lilizamishwa chini kuwawekea maji wakati birika likipungua. Ulikuwa mpango wa watu waliojua maji yanafanya nini kwenye boriti. Yakivuja, yanavuja mahali panapojulikana, na ukuta ule ndio unaoangaliwa.

Leo tumeyatawanya. Baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, zikagawanywa, na nyumba ya familia moja ikawa ya familia tano au sita, kila moja ikitafuta pa kupikia na pa kuogea. Kuanzia miaka ya 1990 utalii ulipokua, nyumba nyingine zikawa hoteli, na hoteli inataka choo cha kuvuta na bafu katika kila chumba, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mabomba yakapitishwa kwenye kuta ambazo hazikujengwa kupitishiwa mabomba, na maungio yake yakafukiwa kwenye saruji yasionekane. Halafu juu ya paa likawekwa tangi. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, bila kuhesabu tangi lenyewe.

Uzito huo unanirudisha kwa saruji. Chukua chumba cha mita 12 za mraba. Ukimwaga tabaka la saruji la sentimita tano tu kusawazisha sakafu iliyobonyea, umeongeza zaidi ya tani moja. Marumaru na gundi yake ni kilo 200 na ushei nyingine. Boriti zilezile, zilizokuwa zimeanza kushindwa na mzigo wa kwanza, sasa zina wa pili. Baya zaidi ni kwamba marumaru na saruji haviruhusu unyevu kupanda na kutoka, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakikauka kidogo kwa juu yamefungiwa humo. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa inafanya vivyo hivyo. Ukuta unaonekana mzuri, laini, mkavu. Nyuma ya lipu mawe yamelowa chepechepe. Nimewasikia mafundi wazuri wakisema saruji ni ya nguvu na chokaa ni ya kimaskini. Nguvu ya saruji haina mjadala penye msingi na nguzo za kisasa. Kwenye ukuta wa matumbawe inaleta madhara, na napenda walielewe hilo kabla hawajachukua kazi.

Chuma hakitoi kinga. Nyumba kadhaa kubwa za mwishoni mwa karne ya 19 zilitumia mihimili ya chuma pamoja na boriti ili vyumba vipate kupanuka. Chuma kikishika kutu kinavimba, kinachukua nafasi kubwa kuliko chuma kizima, na kwa kuvimba huko kinapasua mawe yaliyokishika. Ufa ulionyooka unaofuata mstari wa mhimili ni dalili yake. Pembeni ya bahari, penye hewa ya chumvi, hali huwa mbaya zaidi.

Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa 1883 wakati wa Sultan Barghash, lilikuwa na hivyo vyote: matumbawe, boriti, mihimili ya chuma na nguzo za chuma barazani. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele na mnara wake vikaanguka, na watu wawili wakafa. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka uliofuata, lakini orodha haibebi dari. Jumba lile lilikuwa na jina na picha katika kila kitabu cha wageni. Vichochoro vya Mkunazini na Malindi, mlemle Mji Mkongwe, vina nyumba zisizo na jina, zenye watu waliolala chini ya boriti ambazo hakuna aliyezigonga kwa nyundo.

Kuna kikwazo ambacho si cha ufundi. Anayeliona doa ni wa chini. Mwenye bomba ni wa juu. Nyumba ni ya wakfu, au ya serikali, au ya warithi waliotawanyika Muscat, Dubai na London, na kila mmoja anangoja mwenziwe atoe fedha. Mpangaji wa chini akilalamika anaambiwa ana choyo. Kwa hiyo lile jaribio la rangi nililolieleza lina faida nyingine: linaondoa maneno. Rangi nyekundu ikidondoka darini kwa jirani, mazungumzo yanahama kutoka kwa nani mgomvi yanakwenda kwa nani ataita fundi bomba.

Msomaji wa Tabata au Kisauni, mwenye nyumba ya chini ya matofali, naye asipite haraka. Sakafu yake haina boriti, lakini inazama. Zege lake limelala juu ya kifusi, na kifusi kilichomwagwa kwa mkupuo mmoja bila kumwagiwa maji na kushindiliwa tabaka kwa tabaka kitaendelea kujishindilia chenyewe baada ya watu kuhamia. Zege linabaki likielea, marumaru zinatoa sauti ya utupu, kisha zinapasuka. Bomba lililopasuka chini ya zege linachimba mchanga na kuubeba. Na penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ardhi yenyewe inavimba masika na kusinyaa kiangazi, ikiinua na kushusha sakafu kila mwaka. Hata huko, swali la kwanza ni lilelile: maji yako wapi?

Ukishapata chanzo, mpangilio wa kazi una maana kubwa. Kwanza punguza mzigo: toa kabati, mitungi ya maji, magunia. Pili tegemeza: mirunda imara chini ya boriti zilizoshuka, juu na chini pakiwekwa ubao wa kusambaza uzito. Mirunda hiyo lazima ifike ardhini. Ukiisimamisha juu ya dari nyingine ya boriti umehamisha ajali ghorofa moja chini. Tatu komesha maji. Nne subiri. Watu hawapendi kuambiwa wasubiri, lakini ukuta mnene wa matumbawe uliolowa miaka unachukua miezi kukauka, na kutia boriti mpya kwenye tundu lililolowa ni kutupa fedha. Hapo ndipo boriti zibadilishwe, moja moja, kwa mti mkavu, na matundu yazibwe kwa chokaa. Ndani ya Mji Mkongwe kazi hii inahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kiombwe mapema, kabla ya kuvunja.

Zipo hali ambazo hazingoji fundi wala kibali. Ufa mpya unaopanuka kutoka wiki hadi wiki. Vumbi la chokaa linalodondoka darini bila mtu kutembea juu. Mlio wa mti unaokatika usiku. Ncha ya boriti iliyochomoka ukutani ukaiona. Dari iliyotuna chini pahali pamoja. Ukiona mojawapo ya hayo, waondoe watu chumbani humo na chumba cha chini yake usiku huohuo, ufunge mlango, na asubuhi umwite mtu anayejua nyumba za mawe. Mirunda minne na siku moja ya kazi bei yake ni ndogo. Wenye nyumba, wasimamizi wa wakfu na warithi mlio mbali: masika yanaanza Machi. Tumeni mtu akagonge boriti zenu sasa, ncha kwa ncha, mvua haijanyesha.